Afande, wewe si hakimu!

Wadau, nimerudi hosteli na hasira. Jana nikiwa na Corolla ya kaka, trafiki kanisimamisha, eti tochi imesoma 58 kwenye 50. Nikaomba picha, hakuna. Nikamwambia, "Afande, kosa nakataa, nipeleke mahakamani." Akacheka: "Dogo, mahakama ndo mimi hapa. Lipa elfu thelathini."

Hapana jamani! Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, kifungu cha 95, inamruhusu kukuandikia notisi tu. Ukikubali kosa, unalipa. Ukikataa, unashtakiwa, na hakimu anasikiliza pande zote mbili. Na Katiba ya 1977, ibara ya 107A, inasema mwenye kauli ya mwisho ya utoaji haki ni Mahakama. Sio tochi, sio sare nyeupe.

Ila na sisi tuna makosa. Tunalipa ili tuwahi tunakokwenda, halafu jioni tunalalamika kijiweni. Ukilipa, umekiri!

Mimi sijalipa. Najua nitapoteza siku nzima ya vipindi, na huenda nikashindwa. Poa tu. Ila atakayenitia hatiani awe hakimu.