Kazi Mtaani iliisha, ulibaki na nini?

Msee, unakumbuka Kazi Mtaani ya 2020? Vijana walizibua mitaro, wakafyeka nyasi, wengi kwa 455 kwa siku. Wakati wa korona hizo doo zilinunua unga, hapo sibishani. Lakini mradi ulipofungwa, ungeenda kwa nani na ujuzi wa kuzibua mtaro?

Hiyo ni kuwa na kazi. Kujenga taaluma ni kutoka na kitu. Cheki mjengo: unaweza kubeba koroga miaka kumi na bado unaitwa mtu wa mkono. Ama ufanye mtihani wa NITA, uanze gredi ya 3, upande hadi ya 1, hata kontrakta asiyekujua akulipe kama fundi. Ada inauma, najua. Kwa hivyo mradi mwingine ukifika kwenu, usiulize tu siku ni ngapi. Uliza kama watakulipia huo mtihani.