Ukiugua, Shauri Yako

Ukishuka pale City Stadium, ukapita Burma, ukakatiza Shauri Moyo kuelekea Kamukunji, utawasikia mafundi kabla hujawaona. Nyundo juu ya mabati kutwa nzima: masanduku ya wanafunzi, majiko, makarai. Hawa ndio SHA inataka walipe mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, kwa sababu hawana mwajiri wa kuwakata kila mwezi. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Sasa tupige hesabu. Mama akijifungua kawaida, SHA hulipa hospitali 10,000. Akijifungua kwa upasuaji, 30,000. Mtu akikaa ofisini akaandika upasuaji ambao haukufanyika, amepata 20,000 bila kushika kisu. Hiyo ni michango ya fundi wetu ya miaka mitano na zaidi, imeenda kwa kalamu moja.

Sijatunga. Agosti 2025, Waziri wa Afya Aden Duale alipotangaza kusimamishwa kwa hospitali kadhaa, alitaja mchezo huo huo: uzazi wa kawaida kugeuzwa upasuaji, mtu aliyetibiwa akaenda zake nyumbani kuandikwa amelazwa, na wagonjwa hewa. Lakini mgonjwa hewa ana jina, na jina hilo ni la mtu. Kesho ukiugua kweli, faili inasema ulishalazwa, ulishapasuliwa, na kiasi cha familia yako kimepungua. Daktari anakutibu akisoma uongo.

Na tusidanganyane ati wizi ulianza na SHA. Kuna kontena 100 za kliniki ambazo Wizara ya Afya ilinunua enzi za NHIF, milioni 10 kila moja, zikaachwa Miritini, Mombasa, zikiota kutu. NHIF ikazikwa Oktoba 2024, tukaambiwa huu ni mwanzo mpya. Mwaka uliofuata Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu akaripoti kwamba mfumo wa kompyuta wa shilingi bilioni 104.8 unaoendesha SHA si mali ya serikali. Mwanzo mpya, maze.

Serikali ikikasirika, inafanya nini? Inasimamisha hospitali. Mgonjwa anayesafishwa figo kila wiki anaambiwa atafute kwingine. Mwenye hospitali anatafuta wakili.

Kuna watakaosema hata sisi mtaani tunaazimana kadi. Ni kweli, na ni makosa. Ila anayeazima kadi ili mtoto apate dawa hajatengeneza wagonjwa mia moja kwa usiku mmoja. Hiyo inahitaji ofisi, muhuri na mtu wa ndani.

M-Pesa hunitumia ujumbe hata nikituma shilingi 50. Basi kila dai linalopelekwa SHA kwa jina langu nalo lilie kwa simu yangu papo hapo, hata kama ni kabambe: hospitali gani, ugonjwa gani, pesa ngapi. Nikijibu si mimi, dai lisimame. Na aliyetia sahihi asimame kortini yeye mwenyewe, sio jina la hospitali tu kwenye orodha ya Waziri.

Mtaa huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa watu waliofukuzwa Pangani bila kuulizwa. Tumezoea kuambiwa shauri yako. Kwa hili, hapana. Tumeshalipa.