Gari Likigoma Alfajiri: Waya wa Mwisho Usishikizwe Kwenye Betri

Kungali giza katika makazi ya polisi, na mtoto wa sajenti mmoja amekesha na homa kali. Mama yake amekwisha kumfunika kanga, yu tayari kwa safari ya hospitali. Sajenti anageuza ufunguo wa gari, lakini injini haiitiki. Wasikika mlio mdogo wa "ta-ta-ta" tu, na taa zinafifia kama kaa linalozimika. Jana jioni taa ndogo za gari ziliachwa zikiwaka, nazo zikakesha pamoja na mgonjwa. Betri imekwisha nguvu.

Jirani yake, konstebo ambaye kazi yake ni udereva, anasogeza gari lake na kutoa nyaya mbili nene. Sajenti, sigara mdomoni, anainama juu ya betri ili aone vizuri. "Niwie radhi, afande," konstebo anasema. "Sigara hiyo izimwe kwanza, nawe usimame kando." Mdogo amemwamrisha mkubwa, naye ana haki kabisa.

Betri ya namna hii, yenye vibao vya risasi ndani ya asidi iliyochanganywa na maji, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Magari yamebadilika mno tangu hapo, ila tabia ya betri hiyo ni ile ile. Inapotiwa umeme hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo ikifikia sehemu 4 tu katika kila 100 za hewa ya kawaida, cheche moja yatosha kuilipua. Sanduku la betri hupasuka na kurusha vipande na asidi, na aliyeinama juu yake huvipokea kwa uso. Ndiyo maana pia hapana ruhusa kuwasha kibiriti ili kutazama kama maji ya betri yamepungua. Tochi ipo kwa kazi hiyo.

Sasa, cheche hutoka wapi? Aghalabu hutoka pale waya wa mwisho unapogusishwa, kwa kuwa hapo ndipo njia ya umeme inapokamilika. Cheche hiyo ni vigumu kuizuia, lakini yaweza kupelekwa mbali na betri. Siri yote ya kazi hii ni hiyo, na ndiyo wengi wanayoiruka kwa haraka.

Kabla ya yote, dereva na ahakikishe kwamba magari yote mawili yana nguvu sawa ya umeme. Magari madogo hutumia volti 12. Malori mengi makubwa, yakiwamo ya jeshi, hutumia volti 24 zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili. Lori la namna hiyo likiunganishwa na gari dogo, laweza kuunguza vyombo vyake vya umeme, hata kupasua betri. Cheo cha mwenye lori hakibadilishi hesabu hiyo. Tena, betri iliyopasuka au inayovuja isiguswe kwa nyaya kamwe.

Magari yasigusane. Breki za mkono zivutwe, gia zitolewe, swichi zote zifungwe, na watoto wapelekwe mbali. Pete na saa ya chuma zivuliwe. Rangi za nyaya zisiaminiwe peke yake, maana nyaya zilizokwisha kutengenezwa mara nyingi huwa zimechanganywa. Alama za kujumlisha na kutoa zilizo juu ya betri ndizo za kutazamwa.

Waya mwekundu hushikizwa kwanza kwenye ncha ya kujumlisha ya betri iliyokufa, kisha kwenye ncha ya kujumlisha ya betri nzima. Waya mweusi hushikizwa kwenye ncha ya kutoa ya betri nzima. Kichwa chake cha mwisho hakiendi kwenye betri iliyokufa. Huenda kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, mbali na mipira ya petroli na mkanda wa feni. Umeme utapita vilevile, kwa kuwa chuma cha injini kimeungana na ncha ya kutoa. Katika baadhi ya magari ya siku hizi betri imefichwa nyuma au chini ya kiti. Hapo kitabu cha gari kitaonyesha ncha za kutumia.

Gari zima liwashwe na kuachwa lingurume dakika chache, ndipo lililogoma lijaribiwe. Stata isishikiliwe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Ipumzishwe kabla ya kujaribu tena. Ikiwaka, nyaya hutolewa kwa kurudi nyuma: ule wa kwenye injini huwa wa kwanza, na vibano visigusane.

Wapo wanaopenda kusukuma. Gari la gia za mkono laweza kuitika. La gia za kujibadilisha lenyewe ni kutoa jasho bure.

Na akina mama wajue hili, kwa sababu mara nyingi ndio wa kwanza kufika: asidi ikiingia jichoni, jicho lifunguliwe na kumiminiwa maji safi bila kukoma kwa dakika 20, kisha majeruhi apelekwe hospitali. Lisisuguliwe, wala lisitiwe maziwa au dawa ya kubahatisha. Nguo iliyolowa asidi ivuliwe mara moja.

Katika makazi yale, injini ilinguruma mara ya pili ilipojaribiwa. Konstebo aliutoa waya mweusi kwenye chuma cha injini kwanza, kisha mingine. "Usilizime mpaka umpate daktari, afande," alisema, "na ukirudi, betri hiyo ipelekwe ikachajiwe. Safari fupi haitaishibisha." Mama alikuwa amekwisha kuingia kiti cha nyuma, mtoto mapajani.