Mizani Kwanza, Motokaa Baadaye

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kusema machache juu ya motokaa ya shule. Kama wasomaji wajuavyo, sisi wanafunzi wa zamani tunachanga fedha ili karakana ya shule iunde motokaa ya kushindana katika mbio za shambani, zile ziitwazo otokrosi. Jambo lenyewe ni jema, wala silipingi. Ninalopinga ni maneno ya ndugu yetu aliyeandika katika toleo lililopita ya kwamba fedha zote ziende katika injini, na ya kwamba kanuni za uzito ni kazi ya makarani wasiojua kushika spana. Mimi spana naijua. Nina karakana ndogo huku Ndeeba, na kanuni hizo za makarani, kwa kuwa hazikuwako, nusura zinipotezee rafiki.

Kwa faida ya wadogo zetu wa Senior One, otokrosi si safari ndefu kama Pearl of Africa. Ni kuzunguka njia fupi ya udongo au majani, motokaa moja moja kwa saa, au chache pamoja. Hucheza watu wasio na fedha za Subaru na Mitsubishi. Motokaa inayofaa ni ile Toyota Corolla ya zamani ambayo Kampala yote yaijua kwa jina la Kikumi. (Mgeni wa pwani asidhani ni kumi, kwa Kiganda kikumi ni mia, na jina limetokana na namba ya umbo lake, 100.) Vipuri vyake vyapatikana Kisekka, na kila fundi aweza kuifungua akiwa amefumba macho.

Sasa mtu husema, tugawanye motokaa kwa ukubwa wa injini, basi, yatosha. Haitoshi hata kidogo. Toyota iliunda injini mbili zenye cc 1,587 kila moja. Ile ya kawaida, 4A-FE, kwa hesabu ya Japani yatoa nguvu za farasi 115 hivi. Ndugu yake, 4A-GE ya vali 20, yatoa 160 au zaidi. Karatasini zote mbili ni za 1600 na zaingia daraja moja, lakini uwanjani ni kama kumpambanisha mtoto wa Senior One na nahodha wa timu ya shule. Tena iko Starlet ndogo ya cc 1,331 yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isindike hewa ndani ya silinda, na hiyo yatoa farasi 135. Ndiyo maana FIA, wanaotawala mashindano ya motokaa duniani, huzidisha ukubwa wa injini ya petroli yenye tabo kwa 1.7. Starlet ile huhesabiwa kuwa ni ya cc 2,263, nayo hupandishwa daraja. Wale wakubwa huweka pia bangili ya chuma mdomoni pa njia ya hewa ya tabo. Motokaa za daraja la Rally2 hupumua kwa tundu la milimita 32 tu, hata fundi awe hodari namna gani. Bangili kama hiyo fundi wa Katwe aweza kuichonga asubuhi moja, na mkaguzi huipima kwa kipande cha chuma: kikipita, umeiba.

Lakini injini si kiini cha maneno yangu. Kiini ni uzito, maana uzito ndio mahali maskini anapojaribiwa.

Tupige hesabu. Kikumi yenye dereva ichukuliwe kuwa kilo 1,000, na injini farasi 115. Kila farasi avuta kilo 8.7. Toa viti, vioo, mazulia, milango ya nyuma ukaibandika bati, hata upunguze kilo 150. Sasa kila farasi avuta kilo 7.4. Kuipata hali hiyo kwa injini ungehitaji farasi 135, yaani 20 zaidi, nao ni wa kununua kwa fedha nyingi. Huku wewe umewapata bure, kwa msumeno na bisibisi. Tena motokaa nyepesi hushika breki mapema na kukata kona vizuri, mambo ambayo farasi hawakupi. Kwa hiyo mtu asiye na fedha, akiona mwenzake amekuja na 4A-GE, hukimbilia msumeno. Nasi ndivyo tulivyofanya.

Miaka michache iliyopita mimi na rafiki yangu, tuliyelala bweni moja, tuliunda Kikumi yetu. Tulishindwa mara mbili na kijana mmoja ambaye motokaa yake ilikuwa nyepesi mno. Twaliona jinsi ilivyorukaruka kwenye matuta. Tuliwauliza wasimamizi uzito wake. Wakasema uzito waandikwa na mwenyewe katika fomu, na mizani hakuna. Basi tulirudi karakana tukatafuta cha kutoa, na kila kitu kilikuwa kimekwisha kutolewa. Kilichobaki ni kile kizimba cha mabomba kimzungukacho dereva.

Kanuni za kimataifa zataka bomba kuu la kizimba liwe la chuma kisicho na mshono, upana milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2. Letu la kwanza lilikuwa la 45, na kila mita yake ilikuwa na uzito wa kilo 2.6. Mimi, kwa mikono yangu hii, nilikikata kizimba kile na kuunda kingine kwa bomba la milimita 38 lenye unene wa moja na nusu, la kuundia vitanda. Kila mita kilo 1.35. Kwa mita 20 tukaokoa kilo 25. Mfuko mmoja wa posho, basi. Nikakipaka rangi nzuri nyekundu, na mkaguzi alikipapasa akasema ni safi.

Katika mzunguko wa tatu motokaa iligonga ukingo ikapinduka mara moja na nusu. Haikuwa kwa mwendo wa kutisha. Nimeona nyingine zikipinduka vibaya zaidi na dereva akatoka akitafuta kofia yake. Kizimba changu kilikunjika juu ya bega lake la kushoto kama waya wa nguo. Tulitumia msumeno ule ule kumtoa. Mfupa wa bega uliungwa kwa vyuma, na mpaka leo mkono ule haupandi juu ya kichwa. Hanilaumu. Asema tuliamua wote wawili. Ni kweli tuliamua wote, lakini mwenye kuchomelea nilikuwa mimi, naye ndiye aliyekaa ndani.

Haya ndiyo ninayotaka ndugu yetu ayafikiri. Angalau pangekuwako kilo za chini kabisa, mathalani 1,000 pamoja na dereva, na mizani ya kuzihakikisha, tusingekuwa na sababu ya kukigusa kizimba. Kilo 25 tulizozitoa juu ingetubidi kuzirudisha chini kwa mapande ya chuma yaliyofungwa kwa bolti sakafuni. Kanuni ya uzito wa chini humfanya bomba nene awe bure. Mtu hawezi tena kuuza shingo ya dereva apate sekunde.

Ndugu yetu asema kanuni huua akili ya fundi, naye amtaja Joginder Singh, ambaye mwaka 1974 alishinda Safari kwa Mitsubishi Lancer ya 1600, Björn Waldegård akifuata wa pili katika Porsche 911. Nakubali, na ni mfano mzuri. Mimi mwenyewe humtaja Joginder kila nipatapo nafasi. Lakini ile ilikuwa njia ya maelfu ya kilomita, matope na mito, na aliyefika mzima alikuwa amekwisha shinda nusu. Shambani twazunguka dakika chache. Hakuna mto wa kumpunguzia tajiri mwendo.

Tena asidhani kanuni ni jambo la kigeni kwetu. Safari ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, madaraja ya mwanzo hayakuwa ya ukubwa wa injini. Magari yaligawanywa kwa bei yake dukani! Wazee wale walijua kwamba kinachoshindana kwanza ni mifuko. Na huko Marekani, katika shindano la kwanza la NASCAR la magari ya kawaida, Charlotte, Juni 1949, Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza akanyang'anywa ushindi, kwa kuwa springi za nyuma za Ford yake zilikuwa zimerekebishwa ili kubeba pombe ya magendo. Ushindi akapewa Jim Roper. Hebu fikirini, motokaa ya waragi ikifika mbele ya wote, na bado mkaguzi akawa na moyo wa kulala chini na kuitazama springi.

Kuna kanuni moja ya viwanja vidogo vya Marekani ambayo ningependa kuiona hapa. Bei ya injini hutangazwa kabla, na mshindani aweza kumtaka mshindi amwuzie injini yake kwa bei hiyo. Nani ataweka fedha nyingi katika injini ambayo jirani yake aweza kuichukua jioni kwa bei ya Kisekka?

Na tusisahau ya kuwa Kikumi hazizidi kuongezeka. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini motokaa zilizotimiza miaka 15 au zaidi. Umbo moja likikunjwa shambani, jingine haliji kwa meli.

Basi, kabla ya injini, tununue mizani nne za jukwaa, kama zile za wanunuzi wa kahawa, za kilo 500 kila moja. Tairi moja juu ya kila mizani, sehemu iwe tambarare, jumlisha namba nne: mtoto wa Senior Two aweza kufanya. Siku za mashindano tuziazime klabu yoyote itakayokubali kupima motokaa zote, yetu iwe ya kwanza kupanda. Siku nyingine zipime mahindi ya jikoni, Bwana Mpishi atafurahi. Kizimba naahidi kukiunda mimi bila malipo, kwa bomba la 45 kwa 2.5, na yule rafiki yangu amekubali kuja kukikagua kabla hakijapakwa rangi.

Mchango wangu wa shilingi 200,000 nimekwisha upeleka kwa Mtunza Fedha. Juu ya bahasha nimeandika: Mizani.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani, Ndeeba