Chanuka Msee! Dhahabu Iko Kwenu, Lakini Hesabu Iko kwa Nani?

Tubonge ukweli. Ukienda Nyatike kule Migori ama Ikolomani kule Kakamega, utapata vijana wanashuka kwa shimo asubuhi na mapema, akina mathe wanaponda mawe, halafu jioni anatokea buda mmoja na mzani mdogo na kalkuleta. Unajua vizuri nani ataenda home na doo.

Huyo buda si mchawi. Ako tu na kitu mbogi ya shimo haina: anajua bei.

Hebu tupige hesabu pamoja. Oktoba 2025, dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa aunsi kwenye soko la dunia. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Gawanya, geuza iwe pesa yetu, unapata zaidi ya shilingi 16,000 kwa gramu moja ya dhahabu safi. Sawa, yako ya shimoni si safi kabisa. Tuseme ni asilimia 80. Bado hiyo ni kama shilingi 13,000, kabla mnunuzi hajatoa faida yake. Sasa jiulize, wewe huuza kwa ngapi? Hii ni hesabu ya shule ya msingi, lakini asiyeijua anaweza kupoteza karo ya muhula mzima na asishtuke.

Ndiyo maana nasema mafunzo ya madini yasianze na mashine. Yaanze na hesabu, halafu sheria, halafu afya.

Kwa sheria, wengi huchezwa hapa. Shamba linaweza kuwa lako, lakini madini yaliyo chini yanashikiliwa na serikali kuu kwa niaba ya Wakenya wote. Sheria ya Madini ya 2016 imegawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, asilimia 20 kaunti, na asilimia 10 ni ya jamii inayoishi pale madini yanapochimbwa. Sheria hiyo hiyo inampa mchimbaji mdogo kibali cha hadi miaka mitatu, mradi awe Mkenya na mtu mzima, na anaweza kuwa kwa chama ama kikundi. Ukichimba bila kibali, akikupunja buda utamshtaki wapi? Wewe mwenyewe unaogopa kituo cha polisi, na yeye anajua.

Na usidhani ile asilimia 10 hujileta yenyewe. Pale Kwale, Base Titanium ilianza kuzalisha 2013 na ikafunga uchimbaji mwisho wa 2024. Kwa miaka mingi wakazi walilia kwamba mgao wao haujafika. Mgodi hauna uzee mrefu, wasee. Ukifungwa, kinachobaki ni shule, maji na ujuzi mlioweza kudai ukiwa bado unafanya kazi.

Tuje kwa afya. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, halafu inachomwa ili ipae. Huo mvuke hauuoni, lakini unaingia kwa mapafu na kuharibu neva, ubongo na figo. Kuna wanaochomea jikoni, mtoi akiwa mgongoni. Ikimwagika mtoni, inaishia kwa samaki wa chakula cha jioni. Kuna chombo chenye mfuniko na bomba kinachonasa mvuke huo na kurudisha zebaki itumike tena. Mtu akifunzwa siku moja tu, amepunguza hatari na gharama.

Kuna waliochanuka mapema. Botswana ilipata uhuru 1966 ikiwa kati ya nchi maskini zaidi duniani, na mwaka uliofuata almasi ikapatikana Orapa. Walidai nusu ya hisa kwa kampuni ya uchimbaji, na kufikia 2013 De Beers ilihamisha mauzo yake kutoka London hadi Gaborone. Leo kuna Wabotswana ambao kazi yao ni kuchambua almasi na kujua thamani yake. Jiwe bila ujuzi lingebaki jiwe tu.

Kwa hivyo kiongozi akija kwenu na ahadi ya mashine mpya, muulize kwanza: nani atatufunza kupima, kuandikisha kikundi na kuchoma bila kujiua? Na wiki hii, kabla ya kuuza, changeni mbogi nzima mnunue mzani wenu. Buda akija, apime, na nyinyi pia mpime.