Ramani ya Shule ni Haki ya Mzazi

Ndugu wazazi wa Kapsoit, hebu tuulizane. Darasa jipya likijengwa, nani ameamua lijengwe pale? Mara nyingi utasikia eti ni mheshimiwa. Mbona isiwe ni hesabu ya watoto?

Nyenzo tunazo. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ilizunguka nchi nzima ikinakili kila shule iko wapi kwa GPS. Julai 2011 takwimu za shule zikawekwa wazi mtandaoni. Lakini mtoto aliyezaliwa 2007 leo ni mtu mzima, na tangu 2023 shule za msingi zimebeba pia sekondari msingi. Ramani ya zamani haitoshi.

Kazi yenyewe si uchawi. Kwenye kompyuta unaweka shule, makazi, barabara na mito, halafu unaona ni kijiji gani kiko mbali na ni shule gani imefurika. Programu kama QGIS ni ya bure.

Ila tuwe macho. Afisa akichora duara la kilomita mbili kuzunguka shule, ramani itasema kila mtoto aliye ndani yuko karibu. Hii ni nchi ya chai, vilima na mabonde. Mtoto haruki kama ndege. Anazunguka shamba la chai, anatafuta daraja, anavuka barabara kuu ya Kericho–Kisumu katikati ya malori. Kilomita mbili za rula zinaweza kuwa nne za miguu. Ipimwe njia ya mtoto, na anayeijua njia hiyo ni mzazi, si mtu wa ofisini Nairobi.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21.

Basi tuandike barua kwa ofisi ya elimu, na kwa serikali ya kaunti kuhusu chekechea. Tuulize mambo mawili: ramani iko wapi, na madarasa yanagawanywa kwa kigezo gani?

Baraza lijalo la chifu tusiende na malalamiko matupu. Twende na ramani mkononi.