Tukirudi mwaka 1200, nani atafundisha nani?

Tuseme tunalala hapa Kisangani, asubuhi tunaamuka mwaka 1200. Telefone hakuna, pompi hakuna, umeme wa baraji ya Tshopo hakuna. Sisi wachimbaji tutajisifu: tutafundisha bazee!

Tuache kujidanganya. Wakati ule, kule Sanga, juu ya mto huu huu wetu Lualaba, watu walizikwa na mapambo ya shaba. Katika Katanga bazee walichukua jiwe la kijani, malakite, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakapuliza kwa mivukuto mpaka shaba ikatoka maji. Waliimwanga katika umbo la musalaba, na musalaba ule ukawa feza ya soko.

Sisi je? Tunatoa jiwe, tunauzisha jiwe. Mununuzi njo anajua iko na nini ndani, na bei anapanga yeye.

Shule za karibu na machimbo zijenge tanuru moja ya udongo, watoto wayeyushe jiwe kwa mikono yao. Makala na kichuguu tuko navyo. Mwalimu akikosa pa kuanzia, awapeleke kwanza kwa Wagenia, waone namna miti inasimamishwa katika maporomoko kwa kamba za pori.